Rubani mmoja, sare mbili



Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Leo nataka kubishana nao kidogo. Hapa Marekani kuna watu walioshika mawili kwa miaka kumi, wengine ishirini, na serikali imewatungia sheria kabisa ili hata moja lisiwaponyoke. Nawazungumzia marubani ambao Jumanne wanarusha ndege ya abiria, Ijumaa wanavua sare ya shirika, na Jumamosi alfajiri wanavaa ya jeshi. Jumatatu wamerudi kwa abiria wao, tai shingoni, kama vile hakuna kilichotokea.

Najua ukisema jeshi la akiba kwetu Bongo, wa kwanza kuja kichwani ni mgambo, na mgambo wa mjini tunamjua kwa kukimbizana na machinga. Ondoa picha hiyo kwanza. Huku jeshi la anga lina akiba ya aina mbili. Kuna Jeshi la Akiba la Anga, ambalo liko chini ya serikali kuu moja kwa moja. Halafu kuna Walinzi wa Taifa wa Anga, ambao siku za kawaida wako chini ya gavana wa jimbo lao, mpaka rais atakapowaita. Wote wana ndege za kweli na vita wanakwenda kweli. Ila wengi wao wana kazi nyingine uraiani: walimu, polisi, mafundi, na marubani wa mashirika ya ndege.

Mimi naishi Columbus, Ohio. Kusini mwa mji kuna uwanja wa ndege unaitwa Rickenbacker. Umepewa jina la Eddie Rickenbacker, mzaliwa wa hapahapa Columbus, aliyeangusha ndege na maputo 26 ya adui katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha baadaye akawa bosi wa shirika la Eastern Air Lines. Yaani hata jina la uwanja ni la mtu wa sare mbili! Hapo ndipo wanapokaa Walinzi wa Taifa wa Ohio wenye ndege za KC-135. Hizi ni kama matangi ya mafuta yanayoruka. Zina injini nne, zinabeba hadi tani 90 hivi za mafuta, na kazi yake ni kuzijazia ndege nyingine zikiwa hukohuko angani. Boeing walimaliza kuziunda mwaka 1965. Kwa hiyo vijana wanaozirusha leo ni wadogo kuliko ndege zenyewe, tena kwa mbali.

Rafiki yangu mmoja anarusha hizo. Jina lake nalihifadhi, na la shirika lake pia, maana ana mabosi wawili na sitaki hata mmoja aniulize. Alizaliwa Mombasa, akaletwa huku na wazazi wake akiwa darasa la tatu, akapata uraia, akajiunga na Walinzi wa Taifa kwanza kama fundi, kisha wakampeleka kusomea urubani. Jeshi likikusomesha urubani unaweka ahadi ya miaka kumi tangu siku unayopewa beji yako. Ahadi yake imekwisha. Ndiyo sababu ya mimi kuandika haya, maana sasa yuko huru kuondoka, na swali la kuondoka au kubaki limekuwa mgeni wa kila siku nyumbani kwake.

Upande wa pili wa maisha yake ni shirika la safari fupi. Labda niwaeleze mambo yalivyo, maana mimi mwenyewe kabla sijaja huku sikuyajua. Ukinunua tiketi ya United, Delta au American kwenda mji mdogo, mara nyingi ndege utakayopanda imepakwa rangi zao tu. Anayeirusha ameajiriwa na kampuni nyingine: SkyWest, Republic, Endeavor, PSA, Envoy na nyinginezo. Ndege zenyewe ni kama Embraer 175, abiria 76 au chini ya hapo. Safari ni za saa moja, saa na nusu. Siku moja unaweza kupaa na kutua mara nne. Ni daladala za angani hizi, tofauti ni kwamba konda anagawa soda.

Kwa miaka mingi daladala hizi ndizo zilikuwa mahali pa rubani kijana kuteseka kabla hajaitwa na mashirika makubwa. Mshahara kiduchu, usingizi wa kuazima. Kisha ikaja ajali ya tarehe 12 Februari 2009. Ndege ya kampuni ya Colgan Air, iliyokuwa ikiruka kwa jina la Continental kutoka Newark, ilianguka karibu na Buffalo, jimbo la New York. Walikufa wote 49 waliokuwamo na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Wachunguzi walisema rubani alifanya kinyume cha kilichotakiwa ndege ilipoanza kupoteza mwendo, lakini umma ulishtushwa pia na habari za usingizi. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle, upande wa pili wa nchi, ili afike kazini.

Baada ya hapo Bunge likakaza. Tangu mwaka 2013 rubani msaidizi naye anatakiwa awe na saa 1,500 za kuruka kabla ya kuajiriwa na shirika la abiria. Aliyefunzwa na jeshi anaweza kuingia na saa 750. Mnaona mlango ulivyofunguliwa? Kijana wa Walinzi wa Taifa akawa lulu. Mwaka uliofuata, Januari 2014, zikaanza kanuni mpya za mapumziko: kabla ya zamu ya ndege lazima upate saa 10 za kupumzika, na ndani yake nafasi ya kulala saa 8 bila kukatizwa. Pia kanuni inamtaka rubani mwenyewe aseme kama yuko timamu kufanya kazi. Rafiki yangu anasema hiyo ndiyo ngumu kuliko zote. Kompyuta ya shirika inaona zamu za shirika. Haioni kwamba Jumamosi na Jumapili ulikuwa Rickenbacker tangu saa kumi na moja alfajiri. Hayo unayajua wewe na mwili wako.

Sasa tuje kwenye hesabu ya siku, maana hapo ndipo penye ugomvi.

Tangazo la zamani la jeshi la akiba lilisema wikiendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka. Kwa karani wa stoo inawezekana. Kwa rubani haitoshi, kwa sababu urubani ni kama kuogelea baharini, ukikaa sana nchi kavu unajidanganya tu kwamba bado unajua. Kwa hiyo kuna siku za ziada za mazoezi katikati ya wiki, kuna mitihani ya kila mwaka, kuna kujaza mafuta usiku. Halafu shirika nalo lina mitihani yake, vitabu vyake, na sheria ya kupaa na kutua angalau mara tatu ndani ya siku 90. Jamaa anasoma vitabu vya ndege mbili zisizofanana hata kidogo, moja ya zama za babu yake na nyingine ya zama zake. Akikaa kwenye kiti, kwanza anajikumbusha leo ni ipi.

Kwenye shirika kila kitu kinaamuliwa na tarehe uliyoajiriwa. Aliyetangulia anachagua kwanza: kituo cha kazi, ndege, safari, likizo, sikukuu. Aliyekuja jana anachukua makombo, na mara nyingi makombo hayo ni kukaa standibai, begi limefungwa, unasubiri simu. Jeshini yupo kwenye akiba, shirikani alianza kwa kuwa akiba. Alinichekesha siku aliposema, "Dada, mimi nimekuwa akiba kila mahali isipokuwa kwenye kulipa bili."

Hapa ndipo sheria inapoingia. Mwaka 1994 Marekani ilipitisha sheria ya kulinda ajira za watu walio jeshini, wenyewe wanaiita USERRA. Kwa ufupi inasema hivi: mwajiri hawezi kukunyima kazi wala kukufukuza kwa sababu ya jeshi. Ukiitwa, unatoa taarifa na unakwenda. Ukirudi, unarudishwa mahali ambapo ungekuwapo kama usingeondoka. Kama wenzako walipanda cheo wakati uko vitani, nawe unahesabiwa hivyo hivyo, namba yako kwenye orodha haisogei nyuma. Kuna kikomo cha jumla ya miaka mitano kwa mwajiri mmoja, ila wikiendi za mazoezi na safari nyingi za lazima hazihesabiwi. Ukitoka mazoezi ya siku chache, unapewa muda wa kusafiri salama mpaka nyumbani na saa nane za kupumzika, halafu unaripoti zamu inayofuata.

Nilipoisoma nilisema wenzetu wamejipanga. Fikiria mwajiri wa Kariakoo aambiwe mfanyakazi wake anaondoka miezi sita na kiti chake kisiguswe!

Ila sheria inalinda kiti, haisemi waziwazi kwamba ukiwa jeshini shirika likulipe. Marubani kadhaa wameshitaki kuhusu jambo hili. Mmoja alikuwa rubani wa Horizon Air, shirika la safari fupi, kisha Alaska Airlines, na huku yuko Walinzi wa Taifa wa jimbo la Washington. Hoja yake ni nyepesi hata kwa sisi tusiosoma sheria: mnamlipa mtu akiitwa kuhudumu kama mzee wa baraza mahakamani, mnamlipa akifiwa, mnamlipa akiugua, kwa nini nikienda jeshini siku mbili tatu hamnilipi? Mahakama ya chini ilimkatalia. Tarehe 1 Februari 2023 mahakama ya rufaa ikasema kesi ile haikupaswa kumalizwa hivyo, ikairudisha isikilizwe. Nyingine ya namna hiyo dhidi ya United ilifufuliwa na mahakama ya rufaa ya Chicago mwaka 2021. Kwa hiyo hata hapa kwa wenye sheria nzuri, watu bado wanavutana nani alipe.

Mtasema basi kwa nini asiache moja? Nilimuuliza. Alinijibu kwa lugha ya pwani: "Dada, maji yakipwa huku, yanajaa kule." Mwaka 2020 korona ilipoingia, ndege za abiria zililala chini kama mitumbwi mibovu. Compass na Trans States, mashirika mawili ya safari fupi, yalifunga mwezi Aprili. ExpressJet nayo ikaacha kuruka kwa ajili ya United mwisho wa Septemba. Maelfu ya marubani hawakujua kesho yao. Yeye alikwenda Rickenbacker, akaomba kazi ya miezi kadhaa, akapewa, akalipa nyumba. Jeshi lilimshika mkono shirika lilipomwachia, na hilo hawezi kulisahau. Mimi pia ningekuwa yeye nisingesahau.

Kuna na pensheni. Askari wa akiba akitimiza miaka 20 inayokubalika anapata pensheni, lakini kwa kawaida anaanza kulipwa akifika miaka 60. Rafiki yangu ana miaka 15 ya utumishi na umri wa miaka 36. Amebakiza mitano, kisha asubiri karibu ishirini ndipo aone senti ya kwanza.

Huo mstari wa miaka 60 si wa mchezo. Kapteni wa ndege ya American Airlines iliyotekwa na kugongeshwa Pentagon tarehe 11 Septemba 2001, Charles Burlingame, alikuwa rubani wa zamani wa jeshi la majini na ofisa wa akiba ambaye aliwahi kufanya kazi ndani ya Pentagon hiyohiyo. Alikuwa na miaka 51. Familia ilipoomba azikwe kwenye kaburi lake mwenyewe katika makaburi ya kijeshi ya Arlington, kwanza walikataliwa, kwa sababu askari wa akiba aliyestaafu alitakiwa awe ametimiza miaka 60. Zikapigwa kelele mpaka Desemba mwaka ule ndipo akakubaliwa kama kesi ya pekee. Nilipomsimulia rafiki yangu alikuwa anaijua tayari. Alisema tu kwamba askari wa akiba huhesabiwa askari kamili siku ya kuitwa, siku nyingine wanatafuta kanuni.

Mpaka hapo nimewapa upande wa mwanamume. Lakini kazi yangu ni kuuliza na upande wa pili.

Mkewe ni mzaliwa wa Tanga, muuguzi wa zamu za usiku, na wana watoto wawili. Jikoni kwao kuna kalenda kubwa ya ukutani. Bluu ni siku za shirika. Kijani ni za jeshi. Nyekundu ni zamu zake za hospitali. Siku isiyo na rangi ndiyo siku ambayo wote wako nyumbani na wote wako macho. Alinifunulia Oktoba iliyopita nihesabu. Nilihesabu mara mbili nikidhani nimeruka. Zilikuwa tatu.

Akaniambia, "Wifi, sheria inamrudishia yeye kazi yake. Siku zangu mimi nani atanirudishia?"

Nakuambia nilikosa la kusema. Nilikuwa nimetoka kuisifia sheria ile nusu saa nzima, vifungu na miaka yake, na huyu mama kwa sentensi mbili amenionyesha tundu lake. Mwaka mumewe alipokwenda Mashariki ya Kati kwa miezi minne, mwajiri alimwekea kiti chake. Namba yake kwenye orodha haikusogea. Lakini mtoto wa pili alianza kutembea katika miezi hiyo, na hakuna mahakama ya rufaa utakayoiambia irudishe siku hiyo isikilizwe upya. Hata zamu zake kule hospitali, alizobadilishana na wenzake ili watoto wasilale peke yao, hakuna aliyeziandika popote. Yeye hayumo kwenye sheria. Sare hana, ila anatumikia.

Na hapo ndipo mambo yalipopamba moto, kwa sababu mwezi huohuo shirika kubwa lilimwita rafiki yangu kazini. Hili ndilo kila rubani wa daladala za angani analiota: ndege kubwa, na baada ya miaka kadhaa mshahara wa kumsahaulisha mtu shida. Lakini kule angeanza tena mwisho wa orodha, standibai, na kituo cha kazi huenda kikawa New York. Maana yake asafiri kwenda kazini kabla ya kazi kuanza, arudi, aende Rickenbacker, arudi tena. Walikaa mezani usiku mmoja, wakaandika mambo matatu kwenye karatasi: shirika kubwa, jeshi, nyumbani. Mke akasema chagua mawili.

Amechagua jeshi na nyumbani. Shirika kubwa amelijibu kwamba kwa sasa hapana. Atabaki kapteni wa safari fupi hapahapa mpaka atimize miaka 20 ya jeshi, na kuanzia mwaka huu hajitolei tena safari ya ziada ya kijeshi isiyo ya lazima. Nilimuuliza mkewe kama ameridhika. Alicheka kidogo, akasema, "Tutaona kalenda."

Msidhani ni uamuzi wa bei rahisi. Kila mwaka anaochelewa, marubani wengine wanaingia mbele yake kule, na watabaki mbele yake mpaka siku anastaafu akiwa na miaka 65. Fedha hiyo huwezi kuifidia kwa pensheni ya kijeshi. Mimi kwa akili yangu ningeacha jeshi. Ahadi ya miaka kumi ameitimiza, deni hana, na mama wa watu amechoka. Nilimwambia hivyo usoni. Akanijibu kwamba wale alioanza nao wakiwa mafundi wa mafuta bado wapo pale, na zamu itakapokuja hataki kuwa abiria wao. Sikukubaliana naye, lakini nilimwelewa.

Kwa hiyo nirudi kwa wahenga niliotaka kubishana nao. Nadhani hawakukosea, ila sisi tunahesabu vibaya. Mtu akishika kazi mbili tunatazama kazi hizo mbili tu, ipi itamponyoka. Sheria nayo inatazama hizohizo. Kumbe kinachoponyoka kimya kimya ni cha tatu, ambacho hakikuandikwa kwenye mkataba wowote. Na hili si la marubani wa Ohio peke yao. Wangapi tuna kazi ya mchana na kibarua cha usiku, Dar, Nairobi, huku ughaibuni, na tunasema tunaimudu kwa sababu tu kuna mtu nyumbani anayetuziba mapengo?

Kabla hujanijibu, nenda kaichore kalenda yako rangi. Kisha hesabu zisizo na rangi, na muulize unayeishi naye kama amepata idadi ileile.

Halafu niambie, ungekuwa wewe, ungeacha lipi?